Roberto Yakobo Sangwani na Kinyago cha Ujamaa

Ugogo, katika uwanda wa kati wa Tanzania, ni nchi ya mvua haba, na wenyeji wake tangu kale walijenga tembe zao mbalimbali, kila mwenye kaya karibu na shamba na malisho yake. Mwaka wa 1971 ilianza Operesheni Dodoma, ambayo kwayo serikali iliwahamishia watu hao katika vijiji vya ujamaa. Wakati huo neno hilohilo lilikuwa pia jina la kinyago cha mpingo kilichouzwa Dar es Salaam na kupelekwa ng'ambo, kikachukuliwa kuwa sura ya siasa ile. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba kinyago kilizaliwa na siasa. Sivyo hata kidogo.

Fundi anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Roberto Yakobo Sangwani, Mmakonde wa Msumbiji aliyekuja Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wamakonde wengi walivuka Mto Ruvuma zama hizo, wakiepa kazi za kulazimishwa za Wareno na kutafuta ujira, hasa katika mashamba ya mkonge. Kinyago chake cha kwanza cha namna hii kilionyesha mshindi wa mieleka akibebwa na wenzake. Mtindo huo uliitwa dimoongo, yaani nguvu. Jina hilo lafaa kuangaliwa sana, kwa kuwa halisemi nguvu ya aliye juu peke yake: mshindi hana pa kukaa ila mabega ya waliomwinua.

Baadaye umbo likakua likawa mnara wa watu, wamepandana na kushikana mikono na miguu, wote wametolewa katika gogo moja bila kuunganishwa. Mara nyingi aliye juu si mpiganaji tena bali mzee au mama, na walio chini yake ni vizazi. Hapo maana imehama kutoka uwanja wa mieleka kuingia katika ukoo, jambo lisilo ajabu kwa Wamakonde, ambao huhesabu nasaba upande wa mama. Ni tofauti kabisa na vinyago vya shetani alivyoanzisha Samaki Likankoa karibu na zama zizo hizo, ambamo mwili wa kiumbe hupindwa na kutobolewa hata usitambulike.

Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka wa 1967, umbo lilikuwapo tayari. Lililokuja ni jina. Wala jina halikukosea, mradi lichukuliwe kwa maana yake ya asili, maana jamaa kwa Kiswahili ni ndugu, watu wa mlango mmoja. Maana ya pili, ya watu wasio ndugu kukusanywa mahali pamoja na kulima shamba la pamoja, ndiyo iliyopelekwa Ugogo, na humo haikukaa vizuri. Sera ilipolegezwa katika miaka ya 1980, si wachache waliorudi kujenga karibu na mashamba yao ya zamani. Wachongaji wa Dar es Salaam hawakuwa na haja ya kubadili neno. Waliendelea kuchonga babu, mama na watoto katika gogo moja, na wanunuzi wakaendelea kukiita kinyago hicho ujamaa.