Grace Ogot: Je, Maisha ya Mwandishi Hujibu Swali la Fasihi?

Mwalimu, ukipita vibandani Riruta Satellite asubuhi kabla ya kengele ya shule, utasikia redio zikinguruma kwa Kikuyu, Kiluhya, Kidholuo na Kiswahili. Wanafunzi wako hulelewa na sauti hizo kabla hawajashika riwaya. Grace Ogot naye alitumikia redio kabla hajachapisha kitabu.

Alizaliwa mwaka wa 1930 huko Asembo, Nyanza. Alisomea uuguzi Mengo, Uganda, kisha ukunga London. Huko, kuanzia 1955, aliiandikia BBC miswada na kutangaza. Aliporejea alifundisha wakunga Maseno, akatangaza kwa Kidholuo katika Sauti ya Kenya, na kuandika safu katika gazeti la East African Standard. Mwaka wa 1962 aliwasomea waandishi waliokutana Makerere hadithi yake. Riwaya yake The Promised Land ilitoka 1966, na mkusanyiko wa hadithi fupi, Land Without Thunder, 1968.

Hapa ndipo watahiniwa wengi hujikwaa. Mtahiniwa akishajua kwamba mwandishi alikuwa muuguzi, huandika haraka: "Kwa hiyo anatetea tiba ya kisasa." Hebu tuipime kauli hiyo kwa matini. Katika The Promised Land, Ochola na mkewe Nyapol wanahamia Tanganyika kutafuta utajiri. Jirani mwenye wivu anamroga Ochola, naye anaota miiba mwilini. Daktari Mzungu hospitalini anashindwa. Mganga wa jadi ndiye anayemponya, kwa sharti kwamba familia iondoke mara moja na kuiacha mali yake. Muuguzi ameandika riwaya ambamo hospitali inashindwa! Aliyetegemea wasifu pekee amepotea njia.

Je, tuutupe usuli wa mwandishi? La hasha. Usuli hutusaidia kuuliza maswali. Majibu yako katika matini. Chukua hadithi "The Rain Came". Chifu angali mbali na lango, bintiye Oganda anamkimbilia kumuuliza habari za mvua. Hatupewi maelezo marefu; tunaingizwa moja kwa moja katika tukio, na nyimbo zinatubebea huzuni ya binti anayepelekwa ziwani kutolewa kafara. Je, huu ni ufundi wa mtangazaji anayejua kwamba msikilizaji huchoka upesi, au ni urithi wa ngano za Waluo? Nionavyo mimi, vyote viwili vimekutana, kwani redio na ngano hulenga sikio.

Ndiyo maana uamuzi wake wa baadaye hautushangazi. Mwaka wa 1983 alichapisha Miaha kwa Kidholuo, ambayo Okoth Okombo aliitafsiri kwa Kiingereza mwaka wa 1989. Mwaka huohuo wa 1983 aliteuliwa kuwa mbunge, na baadaye akachaguliwa Gem na kuwa waziri msaidizi. Alifariki mwaka wa 2015.

Mwalimu, unapofundisha usuli wa mwandishi yeyote wa Kiswahili, usiuache uwe orodha ya tarehe za kukariri. Mwambie mtahiniwa: soma maisha, kisha rudi kwenye kitabu uone kama kinakubali.

Zoezi: "Maisha ya mwandishi ni taa, si hukumu." Jadili kwa kurejelea kazi moja uliyoisoma.