Kwa nini wanafunzi wanaogopa hesabu na kucheza katika kozi ya dini?

Wasikilizaji wapendwa, mlio nyumbani kwenu na mlio katika familia za kupokea, wazazi wananiuliza mara nyingi: kwa nini mtoto anatulia katika kozi ya hesabu, kisha katika kozi ya dini darasa linageuka soko?

Jibu liko katika historia ya inchi yetu. Wakati wa Wabelgiji, sehemu kubwa ya mashule ilikuwa mikononi mwa wamisionari. Padri alifundisha dini, na padri huyo ndiye aliyefukuza. Nani angepiga kelele mbele yake? Mwaka 1974 serkali ya Mobutu ilichukua mashule hayo, ikaondoa kozi ya dini na kuingiza mafundisho ya chama cha MPR. Sasa aliyeogopwa ni mwalimu wa siasa, maana nyuma yake kulikuwa na chama. Mwaka 1977 makanisa yalirudishiwa mashule kwa mkataba. Dini ilirudi, lakini woga wa zamani haukurudi wote.

Wakati huo nguvu ilikuwa imehamia kwenye pointi. Mtihani wa serkali ulianza mwaka 1967, na kila sekisio ina kozi zake nzito. Mwalimu wa hesabu hana haja ya kupaza sauti: anaonyesha kalamu nyekundu tu. Wa dini au wa uraia, mwenye pointi chache, hana silaha hiyo. Ndiyo maana mmoja anasema "darasa hili lina adabu," na mwenzake anasema "watoto hawa wameharibika," na ni darasa moja! Wengine wanashika fimbo, wengine wanamwita direkta wa nidhamu.

Mwalimu wa Kifaransa naye alikuwa na lake. Mimi mwenyewe nilivaa kipande cha ubao shingoni kwa sababu nilisema Kiswahili uwanjani. Nilijifunza kunyamaza, sikujifunza Kifaransa.

Leo mtoto aliyekimbia vita anafika darasani saa mbili imepita, bila yunifomu, bila daftari, akiwa amelala na njaa. Kwa mwalimu mmoja huyo ni mkaidi. Kwa mwingine ni mtoto wa kuulizwa habari. Mwisho wa kipindi, mstari wa mwenendo katika buletini unaweza kumfuata mpaka shule nyingine. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila mtoto, na haichagui kozi.

Wazazi wahami, msingojee buletini. Nendeni mapema kwa mwalimu msimamizi wa darasa, mweleze mlikotoka na mnapolala. Nanyi walimu wetu, tunajua mshahara wenu ulivyo mdogo na madarasa yenu yalivyojaa. Lakini kabla ya kumwandikia mtoto mwenendo mbaya, mwulizeni kwanza: umetoka wapi asubuhi hii?