Ushirika wa Ndugu

Ukishika njia ya magharibi kutoka katikati ya Nairobi, msomaji, utafika Kabete. Hapo, mwaka 1937, walikuja wahubiri na habari za uamsho ulioanza Gahini, katika nchi ya Ruanda. Waliowaamini hawakujenga kanisa jipya. Walibaki katika makanisa yao, wakaunda vikundi vidogo, wakakutana kusoma Biblia na kuungama dhambi zao mbele ya wenzao. Waliitana ndugu. Siku zile ilikuwa nadra Mzungu na Mwafrika kuketi meza moja. Ndugu hao waliketi pamoja.

Kisha udugu wao ukajaribiwa. Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Ndugu wengi Wakikuyu walikataa kula kiapo, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo. Wengi walikataa pia kushika bunduki za serikali. Basi wakashukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao wakauawa. Mmoja wa ndugu hao, Obadiah Kariuki, aliwekwa wakfu kuwa askofu huko Namirembe mwaka 1955.

Sikuandikii haya ili uwahukumu waliopigania ardhi yao, maana walikuwa na madai ya haki. Nataka ujue jambo moja tu: ushirika haupimwi kwa wingi wa vikao wala kwa utamu wa nyimbo. Hupimwa siku ile ambayo kumwita mtu ndugu ni hatari.