Sekunde tatu za difensi: kwanini senta wa NBA hapigi kambi chini ya ringi?

Wadau wa kikapu, kuna swali linazuka kila tukiangalia NBA: mbona kule yule mrefu hasimami tu chini ya ringi kama tulivyozoea kwenye viwanja vyetu hapa Dodoma? Jibu ni sheria, na wengi tunaichanganya.

Sekunde tatu za mshambuliaji zipo kote. Lakini kwa sheria za FIBA, ambazo ndizo tunachezea Tanzania, mlinzi habanwi. Anaweza kukaa ndani ya boksi mechi nzima akisubiri kufuta mipira. NBA waliruhusu zoni msimu wa 2001/02, ila wakaweka breki: mlinzi ambaye hayuko karibu na mtu anayemkaba, umbali wa mkono hivi, asizidishe sekunde tatu mle ndani. Akizidisha, wapinzani wanarusha mpira mmoja wa adhabu na bado mpira unabaki kwao.

Kisha msimu wa 2004/05 marefa wakaambiwa wawe wakali kwa mlinzi anayemwekea mkono mwenye mpira. Wastani wa pointi za timu kwa mechi ukapanda kutoka 93.4 hadi 97.2. Phoenix Suns, waliomchukua Steve Nash kiangazi hicho hicho, walitoka 94.2 hadi 110.4. Si sheria peke yake, Nash naye alikuwa Nash! Lakini njia ilikuwa imefunguliwa kwa wepesi.

Aliyeumia ni mrefu asiye na mbio, na hapa tunaye wa kwetu, Hasheem Thabeet. Akiwa chuo cha Connecticut, sentimita 221, alikuwa mlinzi bora wa Big East 2008 na 2009. Mpira wa vyuo Marekani hauna sekunde tatu za difensi. Memphis wakamchukua namba 2 mwaka 2009, na kule akalazimika kutoka nje kukimbizana na magadi. Msimu wake wa mwisho NBA ulikuwa 2013/14. Zipo sababu nyingine, lakini mimi hii naiweka juu.

Sasa tuje Dodoma. Viwanja vingi ni vya wazi, na upepo wetu wa kiangazi mnaujua: mpira wa pointi tatu unaondoka vizuri, unafika kwingine. Ndiyo maana zoni ya 2-3 inalipa sana hapa. Unafunga boksi, unamwachia mpinzani apambane na upepo.

Tungeleta sheria ile, magadi wetu wangepata njia ya kupenya na vijana warefu wangelazimika kujifunza kukaba wakikimbia, jambo ambalo makocha wanaweza kuanza nalo hata leo mazoezini bila kuisubiri FIBA. Tatizo ni filimbi. Refa ahesabu sekunde za mshambuliaji, za mlinzi, aangalie na umbali wa mkono, wakati mechi nyingi za mtaani tunabahatika kupata marefa wawili.

Makocha wa Dodoma mnaopita hapa, senta wenu mnamfundisha kutoka nje au mnamwacha pale pale?