Uimara wa Kompositi katika Kuziba Magego: Mambo ya Kuzingatia kwa Mwananchi

Kompositi, kijazo chenye rangi ya jino, inazidi kuchukua nafasi ya amalgamu, kijazo cha rangi ya fedha ambacho takribani nusu ya uzito wake ni zebaki. Mabadiliko hayo hayatokani na urembo pekee. Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki, ulioanza kutumika Agosti 16, 2017, unazitaka nchi wanachama kupunguza matumizi ya amalgamu. Tanzania iliridhia Mkataba huo mwaka 2020.

Machi 2022, nchi wanachama zilikubaliana mjini Bali, Indonesia, kuwa amalgamu isitumike kwa meno ya utoto, kwa watoto wenye umri chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa pale daktari atakapoona ni lazima. Novemba 2025, mkutano wa Geneva, Uswisi, uliweka mwaka 2034 kuwa ukomo wa matumizi ya amalgamu. Kwa hiyo, wananchi wengi watakaozibwa magego katika miaka ijayo watawekewa kijazo kisicho na zebaki, na ni haki yao kufahamu kitadumu kwa kiasi gani.

Namna kompositi inavyofanya kazi

Kompositi ni mchanganyiko wa resini na chembechembe ndogo sana za kioo au silika. Huwekwa ikiwa laini, kisha humulikwa kwa mwanga wa bluu ili igande. Amalgamu hushikiliwa na umbo la tundu lililochongwa, lakini kompositi hugandishwa kwenye jino kwa gundi maalumu baada ya uso wa jino kuandaliwa kwa tindikali. Kwa sababu hiyo, daktari huondoa sehemu iliyooza tu na kuacha sehemu kubwa ya jino zima.

Hata hivyo, kompositi husinyaa kwa takribani asilimia 2 hadi 3 inapoganda. Isipowekwa kwa uangalifu, mwanya mdogo hubaki kati yake na jino, na vijidudu hupenya. Ndiyo maana kompositi ya kawaida huwekwa kwa tabaka zisizozidi milimita 2, kila tabaka likimulikwa peke yake. Aidha, gundi haishiki vizuri penye mate au damu, na magego ndiyo meno yaliyo magumu zaidi kuyaweka makavu.

Matokeo ya tafiti

Utafiti uliofanyika Lisbon, Ureno, ulifuatilia kwa miaka 7 vijazo 1,748 katika meno ya nyuma ya watoto walioanza matibabu wakiwa na umri wa miaka 8 hadi 12. Vijazo vya amalgamu vilivyodumu vilikuwa asilimia 94.4 na vya kompositi asilimia 85.5. Tofauti hiyo ilitokana hasa na jino kuoza upya pembezoni mwa kijazo, hatari ambayo kwa kompositi ilikuwa mara 3.5 ya ile ya amalgamu.

Kwa upande mwingine, uchambuzi wa tafiti 12 za muda mrefu, uliochapishwa mwaka 2014, ulibaini kuwa kompositi za meno ya nyuma huharibika kwa wastani wa asilimia 1.8 kwa mwaka katika kipindi cha miaka 5, na asilimia 2.4 kwa mwaka katika kipindi cha miaka 10. Hii ina maana kuwa kati ya vijazo 100, zaidi ya 90 huwa bado vinafaa baada ya miaka 5, na karibu 80 baada ya miaka 10.

Kinachotofautisha matokeo hayo kwa kiasi kikubwa ni hali ya kinywa cha mgonjwa. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010, uliofuatilia vijazo vikubwa kwa miaka 12, ulionesha kuwa kompositi ilidumu kuliko amalgamu kwa watu wasio na tatizo kubwa la kuoza meno. Kwa wenye meno yanayooza mara kwa mara, amalgamu ilifanya vizuri zaidi katika vijazo vya pande tatu za jino. Ukubwa wa tundu nao una athari: kila upande wa jino unaoongezeka katika kijazo huongeza hatari ya kuharibika kwa asilimia 30 hadi 40.

Ushauri kwa wananchi

Mwananchi anashauriwa kufika kwa daktari wa kinywa na meno mapema, tundu likiwa bado dogo. Anaweza kumuuliza daktari iwapo jino litawekwa kavu kwa kipande maalumu cha mpira au kwa pamba, na iwapo ipo njia nyingine inayofaa pale ambapo ukavu hauwezekani. Mwenye tabia ya kusaga meno usingizini amweleze daktari kabla ya kuzibwa, kwa kuwa tabia hiyo huvunja vijazo.

Baada ya kuzibwa, jino linahitaji kupigwa mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, kupunguziwa vitu vya sukari na kukaguliwa na daktari mara kwa mara. Kijazo cha kompositi kikimeguka kidogo, mara nyingi hukarabatiwa bila kuondolewa chote. Mwenye kijazo cha amalgamu kilicho kizima hana sababu ya kukiondoa, kwani kukichonga hutoa mvuke wa zebaki na hupunguza sehemu nzima ya jino.

Kompositi ni kijazo cha kuaminika kwa magego, lakini haivumilii kinywa kisichotunzwa. Maumivu, chakula kunasa au ukingo unaokwaruza ulimi ni dalili za kumwona daktari bila kuchelewa, kabla uozo haujafika kwenye kiini na jino kulazimika kung'olewa.