Volti za Nyumba ya Mwisho

Septemba 4, 1882, Thomas Edison alizindua mitambo ya mtaa wa Pearl, New York, akaanza kusambaza umeme wa volti 110. Sifa zote zilikwenda kwa jenereta zile kubwa. Mimi humfikiria zaidi mhudumu aliyekuwa akitazama taa mbili za ishara. Volti zikizidi, iliwaka nyekundu. Zikipungua, ya buluu. Naye alizungusha gurudumu kwa mkono, akibadili nguvu ya sumaku za jenereta mpaka volti zirudi mahali pake.

Tatizo lilikuwa kwenye waya. Shaba nayo ina ukinzani, na mkondo ukiongezeka, volti nyingi zaidi hupotelea njiani. Mteja wa karibu na mtambo huunguza balbu, wa mwisho wa laini huambulia mwanga hafifu. Mwaka 1886, huko Great Barrington, Massachusetts, William Stanley alipunguza upotevu huo kwa transfoma: umeme ulisafiri kwa volti 500, hivyo kwa mkondo mdogo zaidi, ukashushwa hadi 100 kwa mteja.

Transfoma ilileta nafasi nyingine. Ukibadili idadi ya mizunguko ya koili, volti hubadilika. Ila kuhama kutoka tepu moja, yaani tokeo la waya kwenye koili, hadi nyingine huku wateja wanatumia umeme ni hatari. Ukiachia ya kwanza kabla hujashika ya pili, umeme unakatika na cheche kali zinaunguza swichi. Ukishika zote mbili, mizunguko iliyo katikati inapiga shoti. Mwaka 1927 Mjerumani Bernhard Jansen alipata jawabu: tepu zote mbili zishikwe, lakini kupitia vikinza vinavyozuia mkondo usifurike, na springi imalize uhamisho huo kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Kwangu uvumbuzi huu unastahili heshima sawa na ya balbu, maana vituo vikubwa vya kupozea umeme vinautegemea hadi leo.

Haujafika kila mahali, hata hivyo. Transfoma nyingi za nguzoni bado zina swichi ya kawaida, ambayo fundi huigeuza umeme ukiwa umezimwa, kisha swichi hubaki hapo mchana na usiku. Jioni majirani wote wakiwasha vyombo vyao, mwisho wa laini unabaki na umeme mdogo, na mwenye friji hulazimika kununua stabilaiza kwa fedha zake. Ndani ya kisanduku hicho mna koili yenye tepu kadhaa, na rilei zinazohama kutoka moja hadi nyingine.