Nunda Mla Watu

Nunda Mla Watu ni dubwana la ngano ya Kiswahili ya Sultani Majinuni, iliyokusanywa Zanzibar na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870 katika kitabu Swahili Tales. Mwaka 1901 ilitoka tena katika vitabu viwili vya watoto, kimoja cha Andrew Lang na kingine cha George W. Bateman, kilichochapwa Chicago na kumwita shujaa Mkaa Jikoni.

Ni hadithi ya upelelezi kabla jina hilo halijazoeleka. Tende za sultani zinaliwa kila mwaka, na kaka wakubwa waliowekwa kulinda wanasinzia. Kitinda mimba, aliyedharauliwa na baba, anatafuna mahindi na mchanga ili usingizi usimshike, na kumkamata ndege mwizi. Kisha unakuja mkasa wenyewe. Paka wa sultani, ambaye ndiye Nunda, anakula mifugo. Watu wakishtaki, sultani hujibu kwamba paka ni wake na mali ni yake. Paka anakua, anahamia nje ya mji, anakula watu, mwishowe hata wana wa sultani.

Kijana anatoka kumsaka kwa alama alizopewa na mama yake: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mabaka mawili kama ya ngawa, mkia mnene. Anaua mbwa, ngawa, punda milia, twiga, kifaru, tembo. Kila mara mama anamwambia siye, na kumsihi aache. Hata siku anapoliona dubwana limelala mwituni, anazipitia alama zile moja moja kabla ya kushambulia.

Kitswamba na kwingineko wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, dubwana ni la namna nyingine. Ndyoka wa Wakonzo ni roho wa majini mwenye sura ya nyoka, na mafuriko ya mito itokayo Rwenzori huhusishwa naye. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, na mara zote mbili hospitali ya Kilembe iliharibiwa. Ndyoka hawindwi, hutulizwa kwa sadaka.

Kwa mwalimu anayetaka hadithi ya upelelezi ya kusimulia darasani, Nunda anafaa zaidi: mhalifu yumo mbele ya macho ya wote tangu mapema, akilindwa na sultani mwenyewe.